Kaseti ya Mlangoni

Adventina ameniomba niandike ninayoyajua kuhusu kazi kabla sijayasahau. Nilimwambia ninayoyajua ni machache, na mengi kati ya hayo ni makosa. Akasema, "Basi andika makosa, Fundi. Hayo chuoni hawakutufundisha." Kwa hiyo ninyi mnaobaki na studio ya Nyamiaga, someni taratibu, mkiwa mmeshakunywa chai. Habari za vyeo na mishahara ziko kwenye faili, na hazina utamu wowote.

Mimi, Sudi, ni mtoto wa Biharamulo mjini, wa ukoo wa wachuuzi waliopanda huku kutoka pwani na vitambaa na chumvi, wakanogewa, wasirudi. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kitupu, wakati majirani wote walikuwa na Kisubi au Kizinza chao cha ndani. Ndiyo maana hapa Ngara bado naitwa Mswahili, hata na watu ambao nimerekodi harusi zao na za watoto wao. Baba alitaka niuze vitenge. Mimi nilipenda kibanda cha mjomba Hamisi, aliyekuwa akitengeneza redio karibu na stendi. Kibandani nilijifunza kuyeyusha risasi ya kuungia nyaya bila kuunguza vidole, kutoa vumbi kwa mswaki mkuukuu, na kumwambia mteja kwa upole kwamba redio yake imekufa. Hilo la mwisho ndilo lingenifaa kuliko yote, lakini nilichelewa kulitumia.

Aliyenitoa Biharamulo ni Mzee Bundala, Msukuma mrefu mkimya, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa studio kabla yangu. Alikuja kibandani siku moja na mashine ya kaseti kwapani, akaiweka mezani, akanitazama nilivyokuwa naifungua, kisha akamwuliza mjomba, "Huyu anaongea sana?"

"Kwa kweli, hapana," mjomba akajibu.

"Basi namchukua."

Studio mnaijua ilivyo, ila hamkuikuta ikinuka. Lilikuwa ghala la kahawa, na mwaka nilipofika harufu ya kahawa ilikuwa bado imekaa ukutani. Magunia yale yaliyopigiliwa kwenye kuta, yaliyojazwa maganda, tuliyapigilia mimi na Mzee Bundala ili sauti isirukeruke. Siku ya kwanza nilitegemea kuonyeshwa mitambo. Badala yake aliniketisha katikati ya ghala, akanipa karatasi na kalamu. "Funga macho. Andika kila unachosikia." Nitaandikaje nikiwa nimefumba macho, hakusema. Baada ya muda akaichukua karatasi. Nilikuwa nimeandika mambo manne: kuku, lori, mtu anachota maji, upepo. Akaongeza yake kwa mwandiko mdogo: bati linalolia kwa jua, panya kwenye magunia, saa ya ukutani, lori lile lile likiwa limefika mlima wa pili. Chini kabisa akaandika: tumbo la Sudi. Nilikuwa sijanywa chai.

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo. Mitambo nilionyeshwa wiki ya tatu.

Nitawaambia machache ya kazi yenyewe. Bosi wa kweli wa studio ile ni bati. Mvua ikianza, weka kalamu chini, piga soga na wateja, usijaribu kushindana nayo. Malori yaendayo Kabanga hupungua watu wanapokwenda kula mchana, kwa hiyo wewe kula mapema. Maikrofoni ya kwaya isimamishwe mbele ya wenye sauti ndogo, kwa sababu wenye sauti kubwa hujitafutia nafasi wenyewe. Mwalimu wa kwaya akikuomba uongeze mwangwi, mwongezee kidogo umwonyeshe kitufe. Akiomba tena, mwonyeshe kitufe tu. Mimi ni Mwislamu niliyerekodi Pasaka nyingi kuliko mapadri wengi. Walipokuwa wakisali kabla ya kuanza nilikuwa nakagua nyaya, na hakuna aliyemwona mwenzake vibaya.

Sasa kaseti ya mlangoni, ambayo baadhi yenu mmekuwa mkiicheka.

Katika miaka yangu ya mwanzo ilikuja kwaya kutoka Bugarama, na ndani yake mama mmoja mwenye mimba kubwa ambaye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Aliimba vizuri mno. Mzee Bundala, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alivua kofia. Tulipotaka kusikiliza tukakuta mkanda umeliwa na mashine, umejikunja kama utumbo wa kuku. Tukawaomba radhi, tukapanga siku nyingine. Yule mama alirudi akiwa ameshajifungua. Aliimba, na sauti haikuwa mbaya hata kidogo, ila ilikuwa ya mtu mwingine. Kesho yake Mzee Bundala alichukua ile mashine ya kaseti aliyoileta kwa mjomba, akaiweka juu ya kabati karibu na mlango, akaning'iniza maikrofoni ndogo kutoka kwenye boriti, na akatoa amri: watu wakiingia tu, inawashwa, wakitoka, inazimwa. Haisafishwi, haikatwi, haifutwi. "Watu hawarudi wakiwa walewale," alisema. Hiyo ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote nilizomsikia.

Alipostaafu na kwenda Kaniha kwenye ng'ombe na mahindi yake, alinikabidhi mashine ile mkononi. "Funguo ni za studio," alisema. "Hii ni yako." Nikaendelea kuiwasha kila siku kama mtu anavyofunga mlango wa nyumba yake, bila kufikiria. Kompyuta zikaja, na Adventina akaja nazo, binti wa Nyamiaga aliyesomea kazi hii, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kaseti zikawa adimu. Nilinunua za mahubiri ya zamani sokoni, nikarekodi juu yake. Mungu atanisamehe, na wahubiri pia.

Hapa naingia kwenye jambo lenyewe, na naomba msinikatize kwa huruma.

Masika ya mwaka mmoja nilikaa barazani na mke wangu, nikamwuliza, "Mama Zubeda, nyenje mwaka huu wamekwenda wapi?" Akanitazama. "Wanapiga kelele hata sikusikii vizuri," akasema. Nikacheka kama niliyekuwa natania. Fundi wa sauti ambaye hasikii nyenje ni sawa na mpishi ambaye haonji chumvi, na hakuna anayemwambia mpishi wa namna hiyo aendelee.

Sikumwambia mtu. Sauti nene nilikuwa nazisikia sawasawa, na maongezi ya kawaida nayo. Zilizokufa ni zile nyembamba za juu: ndege, sahani zinapogongana, herufi za mwisho za maneno, mnong'ono. Nikajifunza kutazama. Mitambo yetu ina vitaa vinavyocheza kulingana na sauti, kijani, njano, nyekundu, nami nikaanza kuchanganya muziki kwa macho. Adventina akisema, "Fundi, kuna mkwaruzo huku juu," nilikuwa naitikia, "Nimeusikia, nilikuwa nakupima." Alikuwa anafurahi kwamba anapimwa. Naona aibu kuandika sentensi hiyo, lakini nimeahidi makosa.

Ndipo wakaja vijana waliojiita Kokoto.

Walikuwa wanne. Editha, muuguzi wa zahanati kule Bugarama, ndiye mwimbaji na ndiye kiongozi, ingawa walidai hawana kiongozi. Deo, mwalimu wa fizikia, alipiga gitaa. Masanja wa Kaniha alipiga ngoma, na mwenzao wa besi alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu asiyesema chochote, ambaye nilimpenda mara moja.

"Shikamoo, Fundi," Editha akasema.

"Marahaba. Kwaya gani?"

"Siyo kwaya. Sisi ni bendi. Tunataka kurekodi albamu ya roki."

"Roki ndiyo ile ya kupiga kelele?"

Deo akanieleza kwa kirefu tofauti ya kelele na mawimbi ya umeme yaliyosukumwa kupita kiasi. Nilimsikiliza kwa heshima zote. "Kwa hiyo ndiyo ile ya kupiga kelele," nikasema.

Editha akacheka. "Ndiyo hiyo hiyo, Fundi."

Tulirekodi siku za Jumamosi, miezi kadhaa. Wale ambao hamjawahi kurekodi roki ndani ya ghala la kahawa, shikeni haya. Spika ya gitaa tuliifungia kwenye chumba cha mizani, tukaifunika mablanketi, na bado ilisikika hadi sokoni. Masanja alikuwa anapiga ngoma kubwa kwa nguvu hadi inatembea. Kila wimbo ulipoisha ilikuwa imesogea hatua moja kuelekea mlangoni, kama inayotaka kwenda nyumbani. Tuliifunga kwa kamba kwenye gunia la maharage. Jirani alikuja kulalamika kwamba kuku wake wameacha kutaga. Masanja akampelekea trei la mayai, tukaendelea. Editha aliimba akiwa ameelekea ukuta wa magunia, na wimbo wao bora aliuimba asubuhi aliyotoka zamu amechoka, macho mekundu. Msimwambie mwimbaji akapumzike kabla hamjamsikia akiwa amechoka.

Nyimbo nane zilikamilika hivyo. Adventina alikuwa pembeni yangu muda wote, na bila kujua alikuwa masikio yangu. Ukabaki wimbo wa tisa, ambao Editha aliniambia wazi kwamba ndio uliomfanya atake albamu.

Babu yake, Mzee Bukuru, alikuwa mpigaji wa inanga. Wengine wenu hamjaiona: ni ubao mpana uliochimbwa kama sinia refu, wenye nyuzi juu. Mpigaji huinama juu yake na kunong'ona. Nyuzi zinabeba wimbo, na mnong'ono unakwenda juu yake. Kama jina lake linavyosema kwa wanaojua lugha za huku, Bukuru alizaliwa pacha, akiwa wa kwanza. Wa pili, Butoyi, alifariki akiwa kijana. Mara moja kila mwaka, mzee alikuwa akikaa na inanga na kumnong'oneza Butoyi habari za mwaka ule. Alikuwa na sharti lake: anasema mara moja, harudii. Editha alikua akiiona migongo ya mikono ile tangu utotoni, na hakuwahi kuyapata maneno hata siku moja.

"Nimemwomba mwaka huu aje aseme hapa," Editha akaniambia. "Amekubali. Fundi, mkono wake umeanza kutetemeka. Mimi ni muuguzi, najua ninachokiona. Hii ndiyo nafasi yangu ya kuyapata."

"Utayapata," nikasema.

Siku yenyewe Adventina alikuwa Biharamulo kwenye harusi ya dada yake. Ningeweza kuahirisha. Sikuahirisha, kwa sababu ningeulizwa kwa nini.

Mzee Bukuru alifika kwa bodaboda, inanga imefungwa kwenye kitenge kama mtoto. Nilikuwa nimemwekea kiti katikati. Akakitazama kwa dharau. "Mimi sikai katikati, kijana. Katikati wanalaza maiti." Akaburuta kigoda hadi mlangoni, penye mwanga, karibu na viatu vyake, akakaa pale. Kijana mwenyewe nilikuwa nimebakiza kidogo kustaafu. Nikahamisha maikrofoni zangu mbili, moja chini ya nyuzi, nyingine mbele ya mdomo. Nilipokuwa nainama aliniuliza jambo kwa sauti ndogo. Sikulipata. Nikatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Akanitazama kidogo, kisha akaanza kukaza nyuzi.

Bendi yote ilikaa chini kimya, imeegemea magunia. Mimi nikaingia chumba cha mitambo na kuvaa vipaza vya masikioni. Nyuzi zikaanza, na zilikuwa nzuri, nene, za mti. Kupitia kioo niliona midomo ya mzee ikicheza. Kwenye maikrofoni ya mdomo sikusikia kitu. Kitaa cha kijani kilikuwa kinawakawaka. Nikajiambia hilo ni bati, hizo ni pumzi. Sauti yake itakuwa inaingia kwa chini pamoja na nyuzi. Ningeweza kutoka na kumwuliza Editha, "Unamsikia?" Swali la neno moja. Lakini lingenifichua.

Kuna kitu kwenye mitambo tunakiita geti. Ukikiwasha, kinafunga mlango kwa sauti zote zilizo chini ya kiwango ulichoweka, ili vishindo vidogo na mivumo isiingie. Nilikipandisha hadi kitaa kikazimika, kikatulia. Nikaona nimesafisha. Na nilifanya hivyo wakati wa kurekodi, si baada, jambo ambalo Mzee Bundala angenichapia kofi. Kinachofungiwa nje wakati wa kurekodi hakipo popote.

Mzee alipomaliza alifunga kitenge chake, akapanda bodaboda, akaondoka bila kutaka kusikiliza. Editha alikuwa na machozi. "Nimemsikia anaongea, lakini maneno sikuyapata. Utayapandisha, Fundi?"

"Nitayapandisha."

Wiki tatu baadaye Mzee Bukuru alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na mdomo ukapinda. Akili yake ilikuwa nzima, macho yanafuata kila mtu, ila neno halitoki. Editha alikuja studio na sare yake ya kazi, akakaa. "Sasa yamebaki yale ya kwako tu," akaniambia. Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayehesabu alichonacho.

Siku ile ile Adventina alifungua kazi kwenye kompyuta. Alisikiliza, akarudisha, akasikiliza tena.

"Fundi, hapa kuna nyuzi tu. Mzee hayupo."

"Yupo. Mpandishe."

"Nimempandisha mpaka mwisho. Hayupo." Akavua vipaza vya masikioni, akanigeukia, na nadhani pale pale alianza kurudisha nyuma miaka miwili mitatu na kuielewa upya. "Fundi. Siku ile, wewe ulimsikia?"

Nilikuwa na majibu mengi tayari; mtu anayeficha huwa na ghala lake. Nikakumbuka kibanda cha mjomba, wateja waliosimama na redio zao wakisubiri ukweli. "Sikumsikia," nikasema. "Siwasikii hata nyenje."

Editha alikuwa bado ameketi mlangoni. Nikamwambia yeye mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele ya Adventina: masikio yangu yamekufa upande wa juu, nimeficha, na kwa kuficha nimemfuta babu yake. Akauliza kama muuguzi, "Tangu lini?" Nikamjibu. Ndipo hasira ikaja.

"Ungesema tu, Fundi! Tungemsubiri Adventina. Wiki moja! Mzee alikuwa bado na mdomo wake wiki moja baadaye!"

Alisimama, akainama kuchukua viatu vyake. Nilimtazama ameinama pale pale kilipokuwa kigoda. Nikainua macho. Juu yake kabisa, kutoka kwenye boriti, ilining'inia maikrofoni ya Mzee Bundala.

"Editha," nikasema. "Hebu ngoja."

Adventina ndiye aliyeshusha sanduku la kaseti. Ilikuwepo, imeandikwa tarehe kwa mwandiko wangu, juu ya jina la mhubiri aliyefutwa. Tukaiweka kwenye mashine. Mimi nilisikia mvumo, lori, viti, sauti ya Masanja akikohoa, kisha nyuzi. Zaidi ya hapo sikusikia kitu. Kwa hiyo niliwatazama wao. Adventina aliinamisha kichwa hadi karibu kugusa spika. Editha aliketi chini sakafuni na viatu vyake mkononi, akafunika mdomo.

"Yupo?" nikauliza.

Adventina akaitikia kwa kichwa bila kugeuka.

Mzee alikataa kukaa katikati, akakaa chini ya kaseti ya mlangoni. Sikulipanga mimi. Mimi nilipanga lile la geti.

Editha aliyaandika maneno yote kwenye karatasi, kwanza kwa Kihangaza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yangu. Ninayo hapa, kwa ruhusa yake naandika sehemu. *Butoyi, ni mimi Bukuru. Mwaka umekwisha. Ndizi za bondeni zimeugua, ila ulizopanda wewe zimesimama. Goti ni lile lile. Butoyi, Editha wetu anawachoma watu sindano, na akitoka huko anapiga kelele na wenzake. Usishtuke ukisikia, ni muziki. Leo wamenileta kwenye lile ghala ulikokuwa ukibeba kahawa. Harufu imeisha, lakini mlango ni ule ule, nimekaa hapo ulipokuwa ukipumzika.* Alipofika mahali fulani Adventina, aliyekuwa akinisomea, alinyamaza. Nikamwambia soma. *Kuna Mswahili hapa, ndiye fundi. Nimemwuliza choo kiko wapi, akacheka, akakubali. Butoyi, mtu huyu hasikii, na kazi yake ni kusikia. Nimemwonea huruma. Usimwambie mtu.*

Nililia, na sikuondoka chumbani ili kulia. Halafu nikacheka, kwa sababu maskini mzee wa watu alirekodi wimbo wote ule amebanwa na haja.

Kuanzia siku ile niliinuka kwenye kile kiti na Adventina akakaa. Wimbo wa tisa ni kazi yake. Hakusafisha chochote: lori limo, kikohozi cha Masanja kimo. Mashine ya kaseti inakwenda polepole kidogo kuliko inavyopaswa, kwa hiyo Deo na mwenzake wa besi walilegeza nyuzi zao hadi zikakubaliana na mzee, na Masanja alijifunza kumfuata badala ya kumwongoza. Wanaingia mwishoni tu, taratibu, kisha kwa nguvu zote. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchemsha chai na kushikilia gunia la maharage. Editha alichelewa kunisamehe, na sikumharakisha.

Albamu ilipokamilika alinipigia simu mwenyewe. "Fundi, twende Bugarama. Babu amekubali kusikiliza."

Tulimkuta amekalishwa uani kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini. Nikamwamkia kwa sauti kubwa, naye akainua mkono wa kushoto. Editha akainama na kumwambia kitu sikioni huku akinionyesha. Sikuhitaji masikio kujua ni nini. Mzee akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya choo. Kisha akapigapiga mkeka kando yake, nikakaa.

Adventina akawasha. Nyuzi zikatoka, nene, nzuri. Mdomo uliopinda wa mzee ukaanza kutikisika kwa upande mmoja. Nami nikakaa nikisubiri, kama nilivyozoea kusubiri kule kwenye kioo, nisisikie kitu. Mkono wa kushoto ukashuka kutoka kwenye blanketi, ukanigonga begani. Sikuelewa. Baada ya muda ukagonga tena, na mdomo wake ukawa umejikusanya kwa namna ile ile, nikaelewa: kila anapofika kwenye jina la Butoyi, ananigonga.

Mashine ya Mzee Bundala nimemkabidhi Adventina mkononi, funguo nimeacha mezani. Karatasi ya Editha nimeihesabu mara nyingi tangu siku ile: Butoyi ametajwa mara saba. Na pale uani Bugarama niligongwa mara saba. Sikukosa hata moja.